Kusoma Maji Kabla ya Kusoma Ndege

Anayefika kwenye bwawa kubwa mwezi Januari kwa mara ya kwanza huona maji ya kijivu yaliyotandaa mpaka ng'ambo, na juu yake madoa meusi mamia kwa mamia ambayo hayaelekei kuwa na mpangilio wowote. Mpangilio upo, tena ni mkali. Kila doa limekaa pale lilipo kwa sababu ya kina cha maji, chakula kilicho chini yake, upande unakotoka upepo, na umbali uliopo kati yake na hatari. Nimetazama ndege wa majira ya baridi kwenye mabwawa ya katikati ya Uingereza kwa miaka kadhaa, na katika yote niliyojifunza huko, hili ndilo ninalolishika zaidi: jicho likianza na maji, ndege hujieleza wenyewe, likianza na ndege, saa za mwanga huishia katika kubahatisha.

Na saa za mwanga ni chache kweli. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na katikati ya hapo kuna ukungu, manyunyu na mawingu mazito yanayoweza kuifanya saa sita mchana ifanane na magharibi. Hakuna anayeweza kulizunguka bwawa lote kwa miguu huku akitumaini kukutana na kila kitu. Inabidi kuchagua, na wa kuchagua vizuri ni yule anayeyajua maji.

Bwawa ninalolijua kuliko mengine ni Rutland Water, mojawapo ya mabwawa makubwa kabisa yaliyojengwa Uingereza ukipima uso wa maji. Lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa kuuziba mto mdogo wa Gwash karibu na kijiji cha Empingham, lakini mto huo peke yake usingetosha kulijaza, hivyo maji mengi huvutwa kwa pampu kutoka mito ya Welland na Nene. Vitongoji vya Nether Hambleton na Middle Hambleton vilifunikwa, na Upper Hambleton, kilichokuwa kilimani, kikabaki juu ya rasi ndefu inayoligawa bwawa katika mikono miwili, wa kaskazini na wa kusini. Upande wa mashariki, penye ukuta, kina cha maji kinapita mita 30. Upande wa magharibi, karibu na kijiji cha Egleton, ardhi huteremka polepole, na huko kumetengenezwa vibwawa vya pembeni vyenye kina kifupi kwa ajili ya ndege. Hifadhi hiyo husimamiwa na Leicestershire and Rutland Wildlife Trust kwa ushirikiano na kampuni ya maji, na tangu 1991 bwawa limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Aliyenionyesha maana ya tofauti hiyo ya kina kutoka mashariki hadi magharibi ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uhandisi wa maji, ambaye nimekuwa nikiandamana naye katika hesabu za ndege za kila mwezi. Ukimwelekeza kwa ndege aliye mbali na kumuuliza ni nani, hajibu kwanza jina. Huuliza: pale alipo, kina ni mita ngapi? Akishajibiwa, orodha ya wanaoweza kuwa pale hupungua hadi wachache, na mara nyingi rangi iliyobaki kuonekana, hata iwe kidogo, hutosha kumaliza shauri. Ameifanya kazi hiyo ya kupunguza mbele yangu mara nyingi mno, na kila mara naona ni elimu ile ile inayovipita vitabu vyote vya picha nilivyonavyo.

Kabla sijatoka nyumbani naangalia mambo mawili: baridi ya usiku uliotangulia na upepo wa siku yenyewe. Baridi inaamua ni maji yapi yamebaki wazi. Maji huwa mazito zaidi yanapofikia takriban nyuzi 4 za Selsiasi. Yanayopoa juu huzama, na yenye joto zaidi hupanda kuchukua nafasi yake, mpaka safu nzima kutoka juu hadi chini iwe imeshuka kufikia nyuzi hizo. Hapo tu ndipo uso unaweza kuendelea kupoa hadi kuganda. Kidimbwi cha nusu mita hukamilisha safari hiyo katika usiku mmoja au miwili ya baridi kali, lakini bwawa lenye kina cha mita 30, ambalo upepo unalikoroga, huchukua wiki nyingi, na katika majira mengi ya baridi halifiki kabisa. Ndiyo maana asubuhi ambayo mashamba yamefunikwa na sakitu na madimbwi ya vijijini yamekuwa mawe, bwawa kubwa hufurika ndege: waliofukuzwa na barafu kila upande wamekusanyika kwenye maji pekee yanayowapokea. Upepo nao unaamua upande. Ndege wa majini hupendelea maji tulivu yaliyokingwa na ukingo au miti, na wanapolazimika kukaa kwenye maji yenye mawimbi hukaa wakiuelekea upepo. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu, naanzia upande wa magharibi, mahali ambapo ukingo wenyewe unakuwa kinga.

Huko Egleton, kwenye vibwawa vya pembeni, kuna vibanda vya mbao vyenye madirisha membamba ambamo mtu huketi bila kuonekana. Ndani hakuna joto hata kidogo, lakini upepo umezuiwa na darubini ya miguu mitatu haitikisiki. Hapa maji hayazidi kimo cha goti katika sehemu nyingi, na wakazi wake ni bata wasiozamia: wale wanaopindua mwili, mkia ukaelekea juu, na kuchukua chakula mbali kadiri shingo inavyofika. Urefu wa shingo ndio mpaka wao. Bata mdogo mwenye utepe wa kijani kichwani hula hasa kwenye matope yaliyolowa. Bata mwenye mkia mrefu uliochongoka, ambaye shingo yake ni ndefu kuliko za wenzake, hufika pale wengine wasipofika. Hivyo hata ndani ya kibwawa kimoja wamejipanga kwa sentimita.

Anayevutia zaidi katika kundi hili ni bata mwenye mdomo mpana kama mwiko. Kingo za mdomo huo zina vichujio vyembamba vilivyopangwa kwa msongamano mkubwa, na kwa vichujio hivyo huchuja wadudu wadogo na mbegu kutoka kwenye maji. Mara nyingi hawali mmoja mmoja. Huanza wawili wakizunguka, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake. Wanajiunga wengine, na baada ya muda kuna duara la bata ishirini au thelathini linalozunguka bila kunyanyua vichwa, kila mmoja akichuja maji yaliyotibuliwa na miguu ya aliye mbele yake. Rutland Water ni mahali muhimu kwa ndege huyu katika majira ya baridi, na kumtazama hapo hunigusa kwa sababu nyingine pia, kwani ni aina ile ile ya bata inayoonekana miezi hiyo hiyo kwenye maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Yule wa mkia uliochongoka naye hufika huko. Wanazaliwa kaskazini, na barafu inapofunga maji yao hutawanyika, wengine wakaishia Ulaya ya magharibi na wengine wakavuka jangwa mpaka Bonde la Ufa. Msomaji wa Nakuru aliyewahi kuwaona wakizunguka kwa duara ameona jambo lile lile ninaloliona mimi nikiwa nimevaa glavu.

Kwenye ukingo wa vibwawa hivyo, pale kina kinapoanza kuongezeka, hutokea jambo ambalo naweza kulitazama kwa saa nzima. Kukuziwa, ndege mweusi mwenye ngao nyeupe kwenye paji la uso na jicho jekundu, huruka kidogo juu ya maji, huzama, hukaa chini sekunde chache, kisha huibuka na fundo la majani ya maji mdomoni. Ubavuni pake kuna bata wa kijivu anayemngoja. Kwa mbali bata huyu dume huonekana wa kawaida kabisa, lakini darubini ikimfikia, ule ukijivu unagawanyika kuwa mistari myembamba isiyohesabika, meusi na meupe, iliyopindapinda juu ya kifua na ubavu, na nyuma chini ya mkia ana weusi mtupu usio na mng'ao. Hawezi kuzama hadi yaliko majani hayo. Kwa hiyo hungoja, na kukuziwa anapoibuka, hunyakua ncha ya fundo na kuvuta. Kukuziwa mara nyingi hapigani. Hugeuka akazama tena. Mahali penye kukuziwa wengi wanaozamia mita mbili za maji, mtazamaji anaweza kutafuta bata wa kijivu bila kuwa na uhakika wowote mwingine, naye atawakuta. Chakula cha bata huyo kiko kwenye kina ambacho si chake, na jirani yake ndiye anayemfikishia.

Kwenye nyasi zinazoteremka hadi majini kuna kundi jingine, bata wenye vichwa vya kahawia iliyokolea na paji la uso la manjano hafifu, wanaochunga nyasi wakiwa wamesongamana huku wakipiga miluzi. Wao hawategemei kina hata kidogo. Maji kwao ni kimbilio: kukitokea mbweha au mbwa, wote huruka mita chache na kutua majini, kisha baada ya dakika kumi wanarudi kwenye nyasi. Ukiwakuta wote wamejazana majini huku nyasi zikiwa tupu, jua kwamba kuna jambo limetokea muda mfupi uliopita, na inafaa kutazama angani kumtafuta kozi au mwewe.

Baada ya hapo nahamia kwenye maji ya mita tatu hadi sita, ambayo ni ya bata wa kuzamia. Wengi wao wanalala. Jambo hili huwakatisha tamaa wageni, kwa sababu huwaona mamia ya bata wamezungusha shingo na kuficha midomo mgongoni, wakasema hakuna cha kutazama. Bata mwenye kishungi kisogoni na bata wa kichwa cha rangi ya kutu hula sana usiku, na mchana wa majira ya baridi kwao ni wakati wa kuhifadhi joto. Kwa mhesabu, usingizi huo ni neema. Nalitumia tulizo hilo kufanya kazi ambayo kundi linalosogea halikubali: kuhesabu madume na majike kila mmoja peke yake. Katika bata wa kichwa cha kutu madume ni wengi mno kuliko majike kwenye mabwawa ya kaskazini, kwa sababu majike huelekea kusini zaidi. Anayeona madume watupu Uingereza anaona nusu ya habari. Nusu ya pili iko Ulaya ya kusini. Ndege huyu amepungua kiasi kwamba mwaka 2015 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, katika ngazi ya wanaodhurika kwa urahisi, na ikiwa hatari kubwa iko upande waliko majike, hesabu ya jumla isiyotenganisha jinsia haitaonyesha mapema. Nalisisitiza hili kwa kila anayeanza kuhesabu nasi, hata kama linaongeza nusu saa kwenye baridi.

Bata wa macho ya dhahabu wako tofauti. Wao hula mchana, na hukaa zaidi chini ya maji kuliko juu. Dume ni mweupe na mweusi, mwenye doa jeupe la mviringo kati ya jicho na mdomo, na mwangaza ukiwa mzuri jicho lenyewe huonekana njano kali hata kwa mbali. Kundi linapozama, huzama karibu pamoja, na maji yaliyokuwa na ndege kumi na watano hubaki matupu kwa nusu dakika. Kuwahesabu kunahitaji kuganda na darubini mahali pamoja, kungoja waibuke, kuhesabu, kungoja wazame na kuhesabu tena, kisha kuchukua idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa mara moja. Wakati huo wa kungoja ndio unaoleta mengine. Kuanzia Januari madume huanza kuwaonyesha majike uhodari wao: hunyoosha shingo mbele, kisha hutupa kichwa nyuma mpaka kisogo kikagusa mgongo, na miguu huchapa maji nyuma. Aliyepitisha darubini haraka angesema ameona bata kumi. Aliyeganda ameona uchumba.

Kusini kidogo ya Rutland Water liko bwawa la Eyebrook, dogo zaidi, ambalo huwa tunalipitia kabla ya adhuhuri kugeuka. Lilijengwa kati ya 1937 na 1940 kuhudumia viwanda vya chuma vya mji wa Corby, na mwezi Mei 1943 ndege za kivita za Uingereza zililitumia kufanya mazoezi ya kuruka chini usiku kabla ya kushambulia mabwawa ya Ujerumani. Njia nyembamba hupita kando ya ukingo wa magharibi, na mtu anaweza kutazama akiwa ndani ya gari, jambo ambalo lina faida kubwa kuliko starehe yake: ndege hawaliogopi gari lililosimama jinsi wanavyoogopa umbo la mtu. Upande wa kaskazini, pale mto unapoingia, kina ni kifupi na matope hujitokeza maji yanapopungua. Upande wa kusini kuna ukuta na maji marefu. Kanuni ni ile ile ya Rutland, imebanwa ndani ya umbali ambao darubini moja inaufikia.

Hapa ndipo tulipozoea kuwatafuta bata wenye meno ya msumeno mdomoni, ambayo huwasaidia kushika samaki wanaoteleza. Aliye mkubwa, mwenye kichwa cha kijani iliyokaribia weusi na mwili mweupe wenye wekundu hafifu wa samoni, bado huja, na jioni hukusanyika kwa kulala. Aliye mdogo, ambaye dume lake ni jeupe lenye mistari michache myeusi iliyokatika kwa usahihi wa ajabu, amekuwa adimu sana. Huzaliwa kwenye misitu ya Skandinavia na Urusi, akitaga ndani ya mashimo ya miti, na zamani barafu ya Bahari ya Baltiki ndiyo iliyomsukuma mpaka Uingereza. Majira ya baridi ya huko yamekuwa ya vuguvugu, maji hayafungi kama zamani, na ndege hana sababu ya kuendelea na safari. Hivyo hivyo imekuwa kwa bata mkubwa mweupe wa shingo ndefu anayetoka pwani ya Aktiki ya Urusi, yule ambaye huko Slimbridge, katika kituo cha ndege wa majini kilichoanzishwa na mhifadhi Peter Scott mwaka 1946, watafiti walijifunza kumtambua kila mmoja kwa mchoro wa njano na nyeusi kwenye mdomo wake. Kwa hawa, upungufu tunaouona kwetu una sehemu mbili ambazo lazima zitenganishwe: wanaosimama njiani na wanaokufa. Mhesabu wa bwawa moja hawezi kuzitenganisha. Anaweza kutoa namba yake tu, ili wenye namba za Uholanzi, Ujerumani, Poland na Estonia waziweke pamoja.

Maji marefu ya ukutani, tunaporudi Rutland mchana, ndiyo yanayochosha zaidi na ndiyo ninayoyapenda. Kwa mtazamo wa haraka hayana kitu. Kuna mnandi wachache wamekaa juu ya mnara wa maji na mbawa zao wazi, na vibisi wakubwa wenye shingo nyeupe, waliokwisha kupoteza vishungi vya kahawia vya kiangazi, wameenea mmoja hapa mmoja kule. Lakini maji haya ndiyo yanayofanana na bahari, na ndege wa baharini waliosukumwa na dhoruba huyatambua. Mzamaji mkubwa wa kaskazini, anayezaliwa Iceland, Greenland na Amerika ya Kaskazini, na ambaye wakati wa baridi makazi yake ya kawaida ni pwani, hufika Rutland Water katika majira mengi ya baridi na anaweza kukaa wiki nyingi. Huogelea akiwa chini sana majini, mdomo mnene na paji lililoinuka, na anapozama anaweza kukaa dakika nzima na kuibuka mita mia mbili kutoka pale alipotokomea. Kumfuata kwa darubini kutoka alipozama ni kazi bure. Tunachofanya ni kukaa pembe mbili tofauti, mimi kwenye ukuta na mwenzangu kuelekea kanisa la Normanton lililosimama kwenye ukingo wa maji, kila mmoja akishika nusu yake, na aliyemwona humpigia mwenzake simu.

Kuhusu mavazi sina mengi: tabaka nyembamba nyingi, kofia inayofunika masikio, glavu ambazo vidole vyake hufunuka ili kurekebisha darubini, na kitu cha kukalia, kwa sababu baridi ya mbao hupanda mwilini upesi kuliko ya hewa.

Jambo la usumbufu linahitaji maneno zaidi. Siku ya baridi ndege hupata saa chache za kula, na kila anaporushwa hutumia akiba ya mafuta ambayo ameikusanya kwa shida. Mtu anayesimama juu ya ukingo, umbo lake likiwa limechorwa dhidi ya anga, anaweza kulihamisha kundi zima bila kujua kwamba amelihamisha, kwa sababu bata hawaruki mara moja; kwanza huacha kula, huinua shingo, huanza kuogelea kuelekea katikati. Dalili hiyo ya kwanza ndiyo ya kuiheshimu. Ninapoiona narudi nyuma hatua kadhaa na kuchuchumaa, na mara nyingi shingo hushuka tena. Barafu ikidumu siku nyingi, sheria ya Uingereza inaruhusu uwindaji wa ndege wa majini kusimamishwa kwa muda, na naamini watazamaji nao wanapaswa kujisimamisha katika sehemu ambazo ndege wamebanwa kwenye maji machache. Vilevile ndege mfu haguswi, huarifiwa mamlaka, kwa sababu homa ya mafua ya ndege ingali inapita kwenye makundi haya. Katika majira ya baridi ya 2021 hadi 2022 iliua maelfu ya bata bukini wa visiwa vya Svalbard vya Aktiki kwenye ghuba ya Solway, mpakani mwa Uingereza na Uskoti.

Kuanzia saa tisa alasiri shakwe huanza kuingia kulala. Mchana kutwa wametawanyika kwenye mashamba yaliyolimwa, viwanja vya michezo na majalala, kwa makumi ya kilomita, na sasa wanakuja kwa misururu kutoka kila upande. Wakitua huoga kwanza, kwa kelele nyingi, wakichovya vichwa na kupiga mbawa. Kisha hujipanga wakitazama upepo na kuanza kusogea kuelekea katikati, ambako mbweha hawezi kufika. Hapa hesabu ni ya namna nyingine. Nahesabu kumi, naikariri nafasi waliyoijaza kumi hao ndani ya duara la darubini, kisha napitisha nafasi hiyo juu ya kundi zima. Wanaolala mbali hubadilika kuwa wino mweupe dakika ishirini baada ya jua kuzama, kwa hiyo wenye thamani hutafutwa mapema. Rangi ya mgongo ndiyo ufunguo: kuna kijivu cha kwanza, kijivu cha pili, kijivu kinachokaribia weusi, na weusi kamili, na anayezijua daraja hizo humwona asiyefuata daraja yoyote. Mara chache katika majira ya baridi hupita shakwe kutoka Aktiki ambaye ncha za mbawa zake hazina weusi kabisa. Wengine wana pete za rangi miguuni zenye herufi, na pete ikisomeka, waliomfunga hurudisha taarifa ya mahali alikozaliwa na kila alikoonekana tangu siku hiyo.

Namba zote hizo huingia kwenye Wetland Bird Survey, hesabu ya ndege wa majini ya Uingereza inayofanywa kila mwezi na watu wa kujitolea, mrithi wa hesabu zilizoanza mwaka 1947. Ya Januari ina uzito wa pekee, kwa sababu mwezi huo huo huhesabiwa ndege wa majini katika nchi nyingi kwa pamoja, utaratibu ulioanza 1967 na uliofika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, hivi kwamba wale bata wa mdomo mpana wa Rutland na wale wa Nakuru huingia katika jedwali moja. Katika kuijaza fomu, mzee mwenzangu ana msimamo ambao nimeufanya wangu. Palipo na maji yanayomfaa ndege fulani, tukayatazama muda wa kutosha katika mwanga wa kutosha na tusimwone, tunaandika sifuri mbele ya jina lake, hatuachi mahali patupu. Patupu panaweza kumaanisha kwamba ukungu ulifunga au kwamba hakuna aliyetazama upande ule. Sifuri inasema kwamba maji yalikuwa wazi, kina kilikuwa sahihi, watu wawili walikaa pale, na yule bata mdogo mweupe wa Skandinavia hakuja. Pembeni tunaongeza mambo matatu: vibwawa vipi vilikuwa na barafu, upepo ulitoka wapi, na kama kuna kilichowarusha ndege kabla hatujamaliza. Atakayeisoma fomu miaka thelathini ijayo hatakuwa na njia nyingine ya kuyajua hayo.